Njaa haisomi kontra

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi



Bapapa na bamama, vijana wetu, na ninyi wafadhili mlioacha kazi zenu kuja kukaa nasi leo: aksanti. Katika barua ya mwaliko tuliandika kwamba komite itasema "juu ya kazi za makampuni ya kigeni". Tunajua wengi wenu mlifika mapema mkitumaini orodha ya nafasi mpya. Orodha hakuna. Leo tunaleta kisa kimoja, kosa letu ndani yake, na kanuni tunayoomba muipigie kura mbele ya kula.

Mnajua desturi yetu. Tangu chama kianze tuko na daftari ya majina: nani alirudi kutoka wapi, anajua kazi gani, anasema luga gani. Kampuni ya kigeni ikifika Lubumbashi na kutafuta mtu wake wa kwanza, mara nyingi inaambiwa: nendeni kwa wale waliorudi. Nasi tunafungua daftari, tunatoa jina, tunafurahi. Kila aliyepata kazi kwa njia hiyo tulisoma jina lake hapa mbele yenu, mkapiga mikono.

Mmoja wa wale mliowapigia mikono hayuko hapa leo. Alituruhusu kusimulia mambo yake, ila jina lake tusilitaje.

Ndugu huyu aliishi miaka kumi na miwili Zambia. Anasema Kingereza, Kifaransa, Kiswahili na Kibemba. Kampuni moja ya ugenini, yenye kuuza vipande vya mashine za migodi, ilitaka kuanza biashara huku kwetu. Ilikuwa haijaandikishwa popote katika Kongo. Mjumbe wake alikaa otelini siku nne, akatuomba mtu mwaminifu, tukampa jina. Siku ya tano mjumbe alipanda ndege. Alimwachia ndugu yetu telefone mbili, kompyuta moja, na ahadi ya dola 700 kila mwezi kwa njia ya telefone. Kontra? Ilikuwa barua pepe ya mistari sita. "Karatasi tutazitengeneza baadaye," mjumbe alisema. "Kwanza kazi itembee."

Kazi ikatembea. Ilihitaji nyumba ya biro, na mwenye nyumba hakuweza kuandikiana na kampuni isiyo na karatasi; basi kontra ya nyumba ikaandikwa kwa jina la ndugu yetu. Ilihitaji sentinele wawili na shofere. Ndugu yetu akawachukua kwa mdomo tu. Vipande vilipofika Kasumbalesa, mzigo ulipaswa kuwa na mwenyewe: likaandikwa jina lake tena. Gari vilevile. Kampuni nzima ikakaa juu ya jina moja, la mtu anayelipwa mshahara wa mwezi. Kartiye yake ilimwita "direkta". Na sisi tulimwita hivyo.

Mwezi wa kumi na nne feza zikakoma. Barua pepe zikakosa jibu. Telefone ya mjumbe ikalia siku chache bila kushikwa, kisha ikafungwa kabisa. Mwenye nyumba akadai kodi ya miezi mitano. Sentinele na shofere wakaenda kwa anspekta wa kazi, na walikuwa na haki ya kwenda. Anspekta akauliza: "Nani aliwaandika kazi?" Wakajibu ukweli: "Ni yeye." Watu wa kodi wakauliza mizigo ilikuwa ya nani. Karatasi zikajibu: yake. Mwisho ndugu yetu aliuza parsele yake kule Annexe, ile aliyoinunua kwa feza aliyorudi nayo kutoka Zambia, apate kulipa madeni ya watu ambao hata uso wao hakuujua vizuri.

Hatukujua haya yote mpaka bibi yake alipokuja kwenye biro yetu. Hakupiga kelele. Alikaa, akatuuliza neno moja: "Ninyi njo mulitoa jina. Mulisoma nini mbele ya kulitoa?"

Tulitazamana. Hatukuwa tumesoma kitu.

Mji huu ulianza namna hiyo

Ndugu, tusidhani jambo hili ni jipya. Mji tunaokaa ulizaliwa na kampuni ya ugenini iliyokuwa ikitafuta watu wake wa kwanza. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mji ukaanza kukatwa katika pori, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Mashine zilikuja kwa gari la moshi. Watu je? Watu wa huku walikuwa wachache kuliko kazi, na wengi wao walikuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kushuka shimoni.

Basi makampuni yakatafuta mtu wa kati. Mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga. Kazi yake ilikuwa kuandika watu vijijini na kuwapeleka kwa makampuni. Ng'ambo ya Luapula, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Robert Williams iliandika wengine kwa ajili ya Union Minière. Katika miaka ya 1920 maelfu waliletwa kutoka Rwanda na Burundi. Kandarasi za kwanza zilikuwa za miezi michache. Mtu aliacha shamba na bibi, akasafiri siku nyingi, akafika kambini, akapewa namba na posho. Wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo. Ilipokaribia mwaka 1928 njo Union Minière ilianza kuandika watu kwa miaka mitatu na kutaka waje na wake na watoto wao. Ilikuwa imepiga hesabu: kuleta mtu mpya kila mara kulikula feza kuliko kumtunza yule aliyekwisha kuzoea kazi.

Kisha ikaja ile shida ya dunia nzima ya miaka ya 1930. Bei ya shaba ilianguka, makampuni yakapunguza watu, na maelfu wakarudishwa kwao. Kwa hiyo hata neno letu, "waliorudi", si sisi tulioanza kulibeba katika mji huu.

Wazee waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu waliona kwamba mambo ya namna hii yasipoandikwa yatapotea. Mwaka 1965 chama chao kilitoa kitabu kidogo katika Kiswahili cha hapa hapa, kilichotungwa na André Yav, juu ya historia ya Elisabethville kama walivyoiona wale waliokuwa na kazi mikononi. Kilikuwa chama kama hiki chetu. Tunalitaja jambo hilo ili vijana wajue kwamba kuandika mambo ya kazi si kazi ya profesa peke yake.

Katika historia hii yote, sisi wa komite tulimtazama mtu mmoja: yule wa kati. Chifu aliyepewa zawadi kwa vichwa alivyotoa. Karani aliyeandika majina. Yeye hakushuka shimoni. Kampuni ilimshukuru, na kijiji pia kilimshukuru mwanzoni, kwa sababu kijana amepata kazi. Alipokufa kijana, mtu wa kati alikuwa amekwisha kufunga daftari. Mama yule alipotuuliza swali lake, tulijiona tumekaa kwenye kiti kile kile, na daftari mkononi.

Kwa nini wanatupenda sisi

Makampuni yanatupenda kwa sababu za kweli. Kati yetu kuna waliokaa Mwange na Kala, kaskazini mwa Zambia, wakarudi tangu 2007 kwa mashua kutoka Mpulungu hadi Moba, au kwa njia ya Pweto. Kuna waliokaa Lugufu na Nyarugusu kule Tanzania. Kuna waliouza nguo Dar es Salaam, na waliotoka Johannesburg baada ya fujo za 2008. Huko tulijifunza luga. Tulijifunza bei za vitu, njia za malori, namna ya kusema na mtu wa duane bila kugombana. Mgeni anayefika hapa bila kujua hata njia ya kwenda Ruashi anaona mtu kama huyo ni dawa.

Lakini tulijifunza kitu kingine pia, na hiki ni cha hatari. Tulijifunza kuishi bila karatasi. Wengi wetu tulikaa miaka kwa kibali kilichokwisha siku zake, tukafanya kazi kwa mdomo, tukalipwa mkononi, na tukashukuru. Mtu aliyezoea kuishi hivyo hashangai anapopewa kazi bila kontra. Anaiona ni kazi kama zile zingine. Ongeza haya ya kurudi mikono mitupu, wakati ndugu walitumaini umeleta gari. Mtu akikuita "direkta" siku hiyo, utauliza maswali ya karatasi? Hapana. Utaenda kununua koti.

Maswali matano

Baada ya kisa hiki tulienda kuuliza kwa watu wanaojua: anspekta wa kazi, watu wa CNSS, wakili mmoja mwenye moyo mwema. Tumepata maswali matano. Mtu akitaka kuwa wa kwanza katika kampuni ya kigeni, ayaulize mbele ya siku ya kwanza ya kazi.

La kwanza: kampuni hii iko wapi mbele ya sheria ya Kongo? Tangu Septemba 2012 inchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA. Kampuni iliyo hai hapa ina namba ya RCCM, yaani daftari la biashara, ina namba ya kitambulisho cha taifa, na namba ya kodi. Zote hizi zinaombwa mahali pamoja, kwenye dirisha moja la kuunda makampuni, na liko hata hapa Lubumbashi. Kampuni ya ugenini inaweza kufungua tawi. Inaweza pia kufungua biro ya uwakilishi, lakini biro ya namna hiyo ni ya kutazama soko na kutayarisha njia. Haina ruhusa ya kuuza. Wakikuambia "sisi ni wawakilishi tu" na huku unauza vipande kila wiki, ujue kuna kitu hakiko sawa.

La pili: kontra iko wapi? Sheria ya kazi ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inataka kontra iandikwe, na ipelekwe ONEM kutiwa viza. Kontra ya muda haipiti miaka miwili. Na kama mtu ana ndoa na kazi inamtenga na jamaa yake, haipiti mwaka mmoja. Muda wa kujaribiwa haupiti miezi sita, na kwa kazi isiyo ya ufundi ni mwezi mmoja tu. Saa za kazi ni 45 kwa juma. Na sikieni hili: pasipo maandishi, sheria inahesabu kwamba umeandikwa kazi bila mwisho wa muda, mpaka mwajiri aonyeshe vingine. Kwa hiyo ndugu asiye na kontra asifikiri hana haki. Hata mtu wa kibarua cha siku kwa siku, akimaliza siku 22 ndani ya miezi miwili na akachukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa ameandikwa moja kwa moja. Lakini kumbukeni sentinele wetu wawili: haki hiyo wanaidai kwa nani? Kwa yule aliyewaandika. Njo maana swali la nne litakuwa zito kuliko yote.

La tatu: namba yako ya CNSS ni gani? Mfanyakazi anatoa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya uzee wake. Mwajiri anatoa 5 zingine kwa uzee huo huo, 6.5 kwa jamaa, na 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazi. Jumla upande wa mwajiri ni asilimia 13. Kuna makampuni yanayokuambia: "Tutakupa yote mkononi, utajipangia mwenyewe." Mkono unashiba leo. Lakini ukivunjika mguu Kasumbalesa ukishusha mzigo, hiyo 1.5 ambayo haikulipwa utaitafuta kwa nani?

La nne: jina la nani liko kwenye vitu? Nyumba, gari, mzigo wa duane, telefone inayopokea feza, kontra za sentinele. Kanuni ni moja: vitu vya kampuni vikae kwa jina la kampuni. Kama lazima utie sahihi wewe, uwe na prokirasio iliyoandikwa na wakubwa wa kampuni, inayosema unatia sahihi kwa niaba ya nani, juu ya kitu gani, na mpaka kiasi gani. Bila karatasi hiyo, wewe si mfanyakazi tena. Umekuwa kampuni yenyewe, kwa mshahara wa kalaka.

Hapa tuongeze onyo. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kandarasi ndogo inataka kampuni zinazofanya kazi chini ya kampuni kubwa ziwe na mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wakongomani. Ni sheria iliyotaka kutuinua. Lakini imeleta mchezo: mgeni anatafuta Mkongomani wa kuandika jina lake kwenye hisa, apate kazi za migodi, na huku feza na amri vinabaki kwake. Wanachama watatu wamekwisha kufuatwa na maneno ya namna hiyo mwaka huu. Mmoja aliambiwa: "Utakuwa na asilimia 51 kwenye karatasi." Wakati wa faida asilimia hizo hazionekani. Wakati wa deni zinaonekana zote.

La tano: siku kampuni itaondoka, itaondoka namna gani? Kampuni kuondoka si dhambi. Shaba inapanda na kushuka, na mji huu unajua kuliko miji mingine. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, na hapa kati yetu kuna watoto wao. Uliza mapema: muda wa taarifa ni siku ngapi, hesabu ya mwisho italipwa kutoka konti gani, nani atatia sahihi kwenye cheti cha mwisho wa kazi. Na mjue njia ya kudai: kwanza kwa anspekta wa kazi, apatanishe; ikishindikana, tribinali ya kazi. Lakini anspekta hawezi kupatanisha mtu na telefone iliyofungwa. Kampuni iwe na mlango hapa.

Njaa haisomi kontra

Tulipoyaleta maswali haya kwenye kikao cha komite, mzee wetu mmoja alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Maneno ni mazuri. Lakini njaa haisomi kontra. Mutu eko na batoto batano, hana minerval, kampuni inamuita leo, ninyi munamuambia aulize maswali matano? Wataita mwingine."

Mzee alisema kweli. Hatutaki kuficha. Mwaka huu kijana wetu mmoja aliuliza la kwanza na la pili, na juma lililofuata kazi ikapewa mtu mwingine ambaye hakuuliza. Kijana yule bado anatafuta. Alitutazama vibaya, na tulimwelewa.

Kuna na kisa cha pili. Mama mmoja, aliyejifunza hesabu za biashara Dar es Salaam, aliitwa na kampuni ya kigeni kuwa mtu wao wa kwanza huku. Aliuliza yote matano. Mjumbe alikasirika, akasema Wakongomani wanapenda karatasi kuliko kazi. Mama akajibu kwa heshima: "Bwana, mimi natunza hesabu. Hesabu bila karatasi njo gani?" Akakaa nyumbani miezi miwili na nusu. Dada zake walimcheka. Kisha kampuni ikarudi: imeandikishwa, ina namba ya kodi, ina konti benki. Kontra yake ilipata viza. Leo yeye ni namba moja kwenye orodha ya CNSS ya kampuni ile, na nyuma yake wameandikwa wengine tisa. Wawili kati yao ni wanachama wetu.

Tukauliza: mama huyu alishindaje miezi miwili na nusu? Alitujibu bila kuficha. Kaka yake wa Likasi alimletea magunia mawili ya unga na akalipia shule ya watoto. Basi. Ujasiri alikuwa nao, lakini bila bukari ujasiri ungekwisha juma la tatu. Yule kijana wetu hana kaka wa Likasi.

Tulipofika hapo tukaona kazi ya chama. Kama njaa haisomi kontra, basi chama kisome kwa niaba yake, na chama kiwe yule kaka wa Likasi.

Maneno kwa wafadhili, na kwa makampuni

Ninyi wafadhili, wengine kati yenu mnafanya kazi na makampuni ya ugenini, mtatusaidia kuyafikisha maneno haya. Hatusemi kila mgeni ni mwizi. Wengi wanaokuja hawajui. Kwao wamezoea kuanza kazi kwanza na kuandika baadaye, au wanaogopa biro za Leta kwa sababu ya hadithi walizosikia. Waambieni hivi: kumwandika mtu wako wa kwanza katika inchi ya wengine si jambo la kumpata mtu mwerevu peke yake. Ni kujenga nyumba atakayokaa ndani yake. Kama karatasi zinachelewa, zipo kampuni za hapa zilizopewa ruhusa na wizara ya kazi kuandika watu na kuwaweka kwa mwingine. Zinachukua sehemu yao, ndiyo, lakini mfanyakazi anakuwa na mwajiri anayejulikana, mwenye mlango na namba. Au subirini. Miezi miwili ya kusubiri ina bei ndogo kuliko kuacha jina baya katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe.

Kule Tanzania tulizoea kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi bado tunaliamini neno hilo. Lakini katika kisa tulichowaletea leo, mgeni alikuja na mwenyeji akauza parsele.

Kanuni tunayoomba

Komite inaomba mkutano ukubali mambo matatu.

Moja. Kuanzia leo daftari ya majina haitafunguliwa kwa kampuni yoyote mpaka komite ione namba yake ya RCCM, au karatasi inayoonyesha kwamba imeomba kuandikishwa. Kampuni ikikataa, hatutoi jina, hata akiwa ni rafiki, hata akileta zawadi. Na komite isipokee kitu chochote kwa jina ililotoa. Hata kreti ya sukari.

Mbili. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye biro yetu, kutakuwa na meza ya kusoma kontra. Mwanachama alete karatasi yake mbele ya kutia sahihi. Wakili tuliyemtaja amekubali kuja mara mbili kwa mwezi bila malipo, tumlipie tu njia. Siku zingine wanachama wanaojua Kifaransa cha sheria watasoma na kueleza katika Kiswahili, polepole, mpaka mwenyewe aseme: sasa nimesikia. Mtu atakayetia sahihi baada ya kusikia, hata kama kontra si nzuri, huo ni uchaguzi wake. Hatutamhukumu.

Tatu. Tufungue mfuko wa kungoja. Mwanachama aliyeitwa na kampuni, aliyeuliza maswali matano, na anayengoja kampuni itengeneze karatasi, apewe unga, mafuta, na msaada wa minerval, kwa muda usiopita miezi mitatu. Akipata kazi, atarudisha kidogo kidogo. Kampuni isiporudi, hatarudisha kitu. Tunaomba kila mwanachama aongeze franga 1,000 kwa mwezi juu ya mchango wa kawaida. Wafadhili, hatuwaombi jengo wala gari mwaka huu. Tunawaomba magunia ya unga. Tunajua gunia halipendezi katika picha ya ripoti, lakini gunia lile la Likasi limewaandika kazi watu kumi.

Na mtu wa kwanza wa mfuko tunapendekeza awe yule kijana aliyeuliza na kukosa. Alifanya tulichowaomba ninyi wote mfanye, na akakifanya mbele ya chama kuwa na mfuko wa kumshika.

Juu ya ndugu yetu wa parsele: komite imekwenda kwake mara mbili. Tuliomba samahani mbele ya bibi yake na watoto. Wakili anatazama kama kuna njia ya kumtoa katika deni lililobaki la kodi, kwa zile barua pepe alizozihifadhi, maana zinaonyesha amri zilitoka kwa nani. Hatuahidi kitu. Mara ya pili bibi yake alitupikia, na tulipokuwa tunaaga alituambia tulete maneno haya kwenu. Tumeyaleta.

Sasa tupige kura. Wanaokubali wanyanyue mikono, karani ahesabu, halafu bamama watatuita kwenye chakula.